Mgogoro wa utambulisho, kujitafuta au sonona: lipi ni lako?

Siku hizi maneno "identity crisis" hayakosi midomoni mwa watu. Kijana amemaliza chuo na hana kazi, basi ana identity crisis. Binti anabadilisha staili ya nywele kila wiki, naye anayo. Chama kimegawanyika, timu imefungwa mechi tatu mfululizo, mzee wa miaka hamsini kanunua pikipiki kubwa, mtu wa asili ya Unguja kakulia Muscat: wote wametiwa kapu moja. Kwa Kiswahili tunasema mgogoro wa utambulisho, na ndivyo nitakavyosema kuanzia hapa.

Ubaya wa kapu moja ni kwamba waliomo humo hawasaidiki kwa njia moja. Mmoja anahitaji muda wa kutafakari, mwingine mtaji, mwingine karatasi yenye muhuri wa serikali, na yupo anayehitaji daktari, tena wiki hii. Ukikosea jina utabisha mlango usio wako.

Kipimo ninachopendekeza ni swali moja tu: ni kitu gani kikija leo jioni, shida hii itaisha? Jibu la swali hilo ndilo linalotenganisha haya mambo, kuliko orodha za dalili tunazotumiana kwenye simu.

Tuanze na wenyewe: mgogoro wa utambulisho ni nini

Aliyeupa jina ni mwanasaikolojia Erik Erikson, na maisha yake yanaeleza jambo hili vizuri kuliko fasili yoyote. Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1902. Mama yake alikuwa Myahudi wa Denmark. Baba mzazi hakupata kumjua. Mama akaolewa na daktari wa watoto, Theodor Homburger, na mtoto akakua akiitwa Erik Homburger. Alikuwa mrefu, mwenye nywele za rangi ya dhahabu na macho ya buluu. Kwenye mafunzo ya dini, watoto wa Kiyahudi walimcheka kwa kuwa hafanani nao. Shuleni, watoto wa Kijerumani walimcheka kwa kuwa ni Myahudi. Akiwa kijana alizurura Ulaya miaka kadhaa akichora picha, hana kazi ya kueleweka, mpaka mwaka 1927 rafiki yake alipomwita Vienna kufundisha katika shule ndogo iliyokuwa chini ya uangalizi wa Anna Freud, binti wa Sigmund Freud. Huko ndiko alikosomea uchambuzi wa nafsi, tiba ya mazungumzo aliyoianzisha Freud. Hitler alipoingia madarakani mwaka 1933 akahama na familia yake, akaishia Marekani, na alipopata uraia mwaka 1939 akachukua jina jipya la ukoo: Erikson, yaani mwana wa Erik. Mtu asiyemjua baba yake akajifanya mwana wa nafsi yake mwenyewe.

Lakini hakulitunga neno hili kwa ajili ya vijana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa akifanya kazi katika kliniki ya askari waliotoka vitani, Mount Zion, San Francisco. Aliwaona watu ambao hawakuwa vichaa, wala hawakuwa wakijifanya wagonjwa ili wasirudishwe vitani. Walijua majina yao na wake zao. Walichopoteza ni ile hisia kwamba mimi wa leo ni yuleyule wa jana, na kwamba maisha yangu ni mwendo mmoja wenye mantiki. Hapo ndipo akasema wana mgogoro wa utambulisho. Baadaye akaona kitu kinachofanana na hicho kwa vijana wa kawaida wanaotoka utotoni, na katika kitabu chake cha mwaka 1950 akakiweka hatua ya tano kati ya hatua nane za maisha ya binadamu.

Kwa hiyo mambo mawili lazima yawepo. La kwanza, uzi umekatika kati ya ulivyokuwa na unavyoelekea kuwa. La pili, majibu yako zaidi ya moja na hujui lipi ni lako. Na Erikson alikazia kwamba mgogoro, katika maana yake, ni njia panda: pahali ambapo lazima ugeuke upande mmoja au mwingine, na unaweza kutoka hapo ukiwa imara kuliko ulivyoingia. Anayelitumia neno kwa maana ya "maisha yangu yameharibika" amelichukua ganda akaacha kiini.

Mgogoro au kujitafuta?

Mtaani Dar, muulize kijana habari za maisha. Atakujibu, "Bado najitafuta, bro." Siku akinunua kiwanja au akionekana na gari, wenzake watasema jamaa kajipata. Huko kujitafuta ni kwa maana ya kiuchumi. Yeye anajua fika anataka nini: duka la vipuri, nyumba Chanika, mke, mama yake aache kuuza maandazi. Hana shaka juu ya nafsi yake hata chembe. Ana shaka juu ya kodi ya mwezi ujao.

Mpime kwa swali letu. Kijana huyu akipata kazi ya kudumu au mtaji wa milioni tano leo jioni, usiku atalala usingizi mnono na kesho yuko Kariakoo kufunga mzigo. Shida imeisha. Basi huo haukuwa mgogoro wa utambulisho; ulikuwa ukata. Kumwambia akae na daftari ajiulize "mimi ni nani" ni kumpotezea muda, na kwa maoni yangu ni kumtukana kidogo.

Sasa mchukue mwingine. Naye ana miaka ishirini na minne, naye hana kazi. Kapata nafasi benki kwa msaada wa mjomba, mshahara mzuri. Baada ya miezi michache kaacha. Kaenda kufundisha madrasa, kaacha. Kajiunga na kikundi cha sanaa, kaacha. Nyumbani wanasema ni mvivu. Ukimsikiliza anasema kila mahali anajiona kama amevaa nguo za mtu mwingine. Huyu umpe milioni tano, atakuwa na milioni tano na swali lilelile.

Kuna jambo moja ambalo wanaotafsiri saikolojia ya Kizungu hulipita haraka. Erikson alisema kijana anahitaji kipindi cha mapumziko, miaka ambayo jamii inamruhusu ajaribu hiki na kile bila kumbana kwa maamuzi. Yeye mwenyewe alikipata alipokuwa akizurura Ulaya. Ila mapumziko hayo yana bili, na lazima pawepo mtu wa kuilipa. Kifungua mimba wa Mbagala mwenye wadogo wanne hana miaka mitatu ya kuchora picha. Kwake swali la nafsi halikosekani, limeahirishwa. Ndiyo maana kwetu mgogoro huu huonekana kwa watu wa miaka thelathini na tano, arobaini, pale mdogo wa mwisho anapomaliza shule na mtu anakaa chini kwa mara ya kwanza kujiuliza alikuwa anataka nini. Kwa hiyo usishangae mtu "aliyejipata" akianza kujitafuta upya. Na hapo pesa haimsaidii, maana anayo.

Mgogoro au kukabidhiwa?

Mwaka 1966 mwanasaikolojia James Marcia alichukua wazo la Erikson akaliwekea maswali mawili ya wazi. Je, umewahi kutafuta, yaani kupima njia zaidi ya moja? Na je, umeamua? Akawahoji wanafunzi 86 wa kiume wa chuo kuhusu kazi, dini na siasa, akapata makundi manne. Wapo waliotafuta wakaamua. Wapo walio katikati ya kutafuta. Wapo walioamua bila kutafuta, kwa kuwa uamuzi walikabidhiwa na wazazi. Na wapo ambao hawajaamua na wala hawana haja ya kutafuta.

Kati ya hao wanne, ni kundi moja tu lililo kwenye mgogoro: wanaotafuta sasa hivi. Hili linapunguza sana matumizi ya neno. Yule asiyejali, anayesema "mi niko niko tu", hana mgogoro, kwa sababu mgogoro unauma na yeye haumwi. Waliotafuta wakaamua, mgogoro wao umepita.

Wanaohitaji kuangaliwa kwa makini ni waliokabidhiwa, kwa kuwa kwetu ni wengi na mara nyingi ndio tunaowasifia. Chukua kijana aliyefaulu vizuri kidato cha nne. Kombi inayomvutia ni HGL (historia, jiografia na Kiingereza), anapenda historia na kubishana. Baba anasema kwenye ukoo huu hakuna daktari. Anajaza PCB (fizikia, kemia na biolojia). Anafaulu kidato cha sita, anaingia chuo kikuu udaktari, na ukimuuliza kwa nini udaktari, anajibu kwa maneno ya baba yake, neno kwa neno, mpaka lile pozi la kukohoa kabla ya kusema. Ametulia, ana msimamo, hana shida yoyote. Ila msimamo huo haujawahi kuonjeshwa upepo. Siku anakula supu mbili, yaani mitihani ya marudio, au balaa zaidi amedisko, yaani ameondolewa chuo, hapo ndipo nyumba inatikisika, kwa kuwa aliyefeli si mwanafunzi tu, ni yule mtu mzima ambaye baba alimchora. Marcia aligundua kwamba kundi hili lilipenda sana utii na mamlaka, na sishangai.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kukabidhiwa ni kasoro. Jando na unyago vilifanya kazi hiyohiyo kwa utaratibu: mtoto anaingia, nyakanga au kungwi anamfunda, anatoka mwali au mwanaume, na kijiji kizima kinajua tangu siku hiyo aitweje na aamkiwe vipi. Watu wameishi maisha mema yaliyojaa maana bila kuwahi kupitia kwenye njia panda. Tatizo ni kukabidhiwa utambulisho wa dunia ambayo haipo tena. Anayefundwa kuwa mvuvi wakati samaki wameisha, atafika njia panda hata kama hakupanga.

Kwa hiyo ukitaka kujua uko wapi, usijiulize kama una msimamo. Jiulize ni kitu gani kingine ulikifikiria kwa uzito ukakiacha, na kwa nini. Kama hakuna, umekabidhiwa. Kama vipo na bado vinakuvuta mkono, huo ndio mgogoro.

Mgogoro au kunyimwa kutambuliwa?

Hapa ndipo neno linapotumika vibaya kuliko popote, na ubaya wake una madhara.

Wamakonde wa pwani ya Kenya wengi wao asili yao ni Msumbiji. Wazee wao waliingia kuanzia miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wakazaa, wakazika, wakachonga vinyago, watoto wakasoma Kwale. Lakini vitambulisho hawakuwa navyo, na bila kitambulisho Kenya hufungui akaunti benki, husajili laini ya simu, huajiriwi rasmi, shamba huandikwi. Oktoba 2016 wakaondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona rais. Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kuisha, na mwaka 2017 wakatangazwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani hiyohiyo walisubiri hadi mwaka 2023.

Nimesikia habari hii ikisimuliwa kama kisa cha mgogoro wa utambulisho. Sivyo hata kidogo. Mmakonde wa Kwale alijua yeye ni nani, anatoka wapi na anataka kuzikwa wapi. Aliyekuwa na shaka ni afisa wa serikali nyuma ya dirisha. Ukiita hali ile mgogoro wa utambulisho, umehamisha shida kutoka ofisini ukaitia kichwani mwa mnyonge, kana kwamba anachohitaji ni ushauri nasaha. Anachohitaji ni kitambulisho. Kikija leo jioni, shida imeisha, au tuseme sehemu kubwa yake.

Vivyo hivyo kwa Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 wakawekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Serikali ilikuja kuwapa uraia wapatao 162,000, na vyeti vikatolewa mwaka 2014. Miaka zaidi ya arobaini mtu anaitwa mkimbizi kwenye kijiji alichokifyeka mwenyewe.

Ila mpaka kati ya mambo haya mawili unaweza kuvukwa, na visa vya Oman vinaonyesha jinsi gani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi wenye asili ya Kiomani waliondoka Zanzibar, na baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 akawaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi. Walirudi, wakapewa pasi, wakapata kazi nzuri kwa kuwa wengi walikuwa wamesoma. Karatasi walizipata. Lakini mtu huyo Unguja aliitwa Mwarabu, na Muscat, akiongea Kiarabu chenye lafudhi ya Kiswahili, akaitwa Mzanzibari. Pasi haikumaliza swali. Ni kisa cha Erikson kilekile, kule Myahudi huku Mjerumani, isipokuwa hapa kuna pilau na karafuu. Huu ni mgogoro wa utambulisho kwa maana yake kamili, na ulidai kila familia ijipangie jibu lake: wapo waliowakataza watoto Kiswahili, na wapo ambao hadi leo wajukuu wao wanagombana kwa Kiswahili wakiwa Muscat.

Mgogoro au ugeni tu?

Anayehamia nchi ya mbali huchanganyikiwa. Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia aliyezaliwa Kanada na wazazi wa Kifini, aliieleza hali hii katika makala ya mwaka 1960 kwa jina la mshtuko wa utamaduni, na dalili alizotaja utazicheka kwa jinsi zilivyo za kweli: kunawa mikono kupita kiasi, wasiwasi juu ya maji na chakula, kutazama mbali bila kuona, hasira kwa ucheleweshaji mdogo, na hamu kali ya nyumbani. Mtanzania aliyefika Minnesota, Marekani, mwezi Januari atazitambua zote.

Mpe huyo tiketi ya kurudi nyumbani, shida imeisha. Na hata asipopewa, mara nyingi inapungua yenyewe mwaka ukizunguka, akishajua basi lipi linakwenda wapi na dagaa zinauzwa duka gani.

Tiketi hiyohiyo mpe kijana aliyezaliwa Nyarugusu. Kambi hiyo ya Kasulu, Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na familia nyingi zimetoka huko kupelekwa Marekani. Wazazi wanasema kwao ni Kivu ya Kusini. Yeye Kongo hajaikanyaga. Kiswahili chake kimechanganya cha Fizi na cha Kigoma. Tanzania alizaliwa na kusoma, lakini kutoka nje ya kambi kulihitaji kibali. Marekani wenzake shuleni wanamhesabu mtu mweusi kama wao, kisha akifungua mdomo wanamwita Mwafrika. Tiketi ya kwenda wapi? Swali likishafika hapo, si ugeni tena, na kumwambia "utazoea" hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kuwa na watu wa kuongea nao waliokwishapita hapo, na ruhusa ya kuchukua jibu lenye vipande vitatu.

Umri wa kati, na mkuu wa wilaya aliyetenguliwa

Mgogoro wa umri wa kati ni kitu kingine. Jina lake lilitoka kwa Elliott Jaques, Mkanada, mwaka 1965, naye alikuwa akizungumzia kifo: mtu amefika kilele, anaona sasa njia ni ya kuteremka. Swali lake ni "nimebakiwa na muda gani". Pikipiki kubwa inajibu swali hilo, vibaya lakini inalijibu. Sina zaidi la kusema juu yake.

Karibu zaidi na wale askari wa San Francisco ni kiongozi wa kuteuliwa. Mkuu wa wilaya analala mheshimiwa, taarifa ya Ikulu inatoka saa nne usiku, uteuzi wake umetenguliwa. Asubuhi simu iliyokuwa haipumziki imenyamaza, dereva hayupo, na mlinzi aliyezoea kupiga saluti anasalimia kama anavyomsalimia kila mtu. Pesa hajafilisika, kijijini kwao anajulikana, afya anayo. Ila kwa miaka yote ile "mimi" ilikuwa cheo. Wastaafu wengi wanapitia hapo pia, na ndugu hudhani ni kiburi.

Chama, timu, taasisi

Kwa taasisi neno hili ni la kuazima, na linafaa pale tu taasisi yenyewe haijui ipo kwa ajili ya nini. Watu wakigombea kiti, huo ni mgogoro wa uongozi. Chama cha upinzani cha CUF, Tanzania, kilipogawanyika kati ya Profesa Lipumba na Maalim Seif, kila upande ulijua unataka nini: ofisi, muhuri na ruzuku. Mahakama ikaamua Machi 2019, Seif akahamia ACT-Wazalendo, ukurasa ukafungwa.

Linganisha na CCM, chama tawala. Azimio la Arusha la 1967, la mtangulizi wake TANU, lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Azimio la Zanzibar la 1991 likayalegeza hayo. Hata hivyo Katiba ya nchi, ibara ya tisa, inaendelea kutaja Ujamaa na Kujitegemea. Kwamba chama cha wakulima na wafanyakazi ndicho hichohicho cha wenye makampuni, hilo hakuna mahakama itakayoliamua. Hapo neno mgogoro wa utambulisho limekaa mahali pake.

Mgogoro au sonona?

Nimeliacha hili mwisho kwa kuwa ndilo la hatari. Mtu aliye kwenye mgogoro na mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, wanaweza kutamka sentensi ileile: "Sijui tena mimi ni nani, sioni maana ya chochote." Nje wanafanana. Wote wamejitenga, wote masomo yameshuka, wote wanalala muda usio wa kawaida.

Tazama mambo matatu. Kwanza, hamu. Aliye kwenye mgogoro bado kuna vitu vinamwasha: mbishie dini, atabishana mpaka saa nane usiku, mpe mpira, atacheza. Mwenye sonona ameacha hata kile alichokipenda, na hajaacha kwa kuwa amepata kingine. Pili, mwili. Sonona inashika mwili: usingizi unakatika alfajiri au haumtoki mchana kutwa, chakula hakipandi, uchovu usio na kazi, kichwa kuuma bila malaria. Tatu, muda. Wataalamu huhesabu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku. Mgogoro una siku mbaya na siku nzuri.

Na swali letu? Mwulize kitu gani kikija leo jioni shida itaisha. Aliye kwenye mgogoro atafikiri, atakupa majibu matatu yanayogongana, kisha atakasirika. Mwenye sonona atakuambia hakuna. Ukimpa kazi, uraia, tiketi na mchumba kwa pamoja, jibu ni lilelile. Hilo "hakuna" lichukulie kwa uzito.

Sonona ni ugonjwa na inatibika, kwa tiba ya mazungumzo, kwa dawa, au kwa vyote viwili, ingawa dawa huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, na wengi huiacha mapema wakidhani haifai. Pa kuanzia ni kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Si lazima kwenda moja kwa moja hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, au ya Mathari, Nairobi, na jina la hospitali lisimtishe mtu. Tena daktari anaweza kukuta upungufu wa damu au tezi ya shingoni ndiyo chanzo, kitu ambacho hakuna mazungumzo ya nafsi yangekigundua.

Kuna na wa tatu, wa kinyume kabisa, ambaye ndugu humchanganya na hawa. Kijana halali siku ya nne sasa, anaongea bila kituo, amegawa vitu vyake, na ana hakika ameteuliwa kuokoa taifa. Huyo hana shaka yoyote juu ya yeye ni nani, uhakika umemzidi. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na mabishano ya kumrekebisha yaachwe.

Mara nyingi mambo haya huja mawili kwa pamoja: aliyedisko ana mgogoro na sonona, Mmakonde asiye na kitambulisho ana ukata pia. Mkiwa na mtu wa namna hiyo nyumbani, panga foleni kwa hatari. Kama anataja kufa, au ameanza kuaga watu na kugawa mali, asiachwe peke yake, dawa na sumu za shambani zifungiwe, na safari ya hospitali ianze. Usingizi na chakula vikirudi, ndipo mazungumzo ya HGL na PCB yaanze, na baba awepo.